Mama Namba, mfagiaji anayeikumbusha seva anwani zake

Jumanne, saa nane na robo mchana, feni za korido zinapunguza mwendo, zinazunguka kivivu mara mbili tatu, kisha zinasimama. Mwanamke anayepiga deki mbele ya maabara anaegemeza fagio lake ukutani, anavua glovu, anajifuta mikono kwenye gauni la kazi na kuanza kupanda ngazi.

Hakimbii. Ni ngazi sitini na nne hadi kwenye chumba kidogo chini ya paa, naye amezipanda mara nyingi mno hata hahitaji kuziangalia. Ni heri iwe hivyo, kwa sababu jicho lake la kulia halioni kitu, na la kushoto linaona katikati tu.

"Naichungulia dunia kwenye tundu la ufunguo," anasema, halafu anacheka peke yake. "Ila ngazi hazijawahi kuhama."

Hospitalini humu wanamwita Mama Namba. Ana miaka hamsini na mitatu, ameajiriwa kufanya usafi, analipwa mshahara wa mfagiaji, na kwa miaka sita sasa ndiye anayeirudishia seva ya hospitali anwani zake kila umeme unapokatika. Kwenye karatasi za hospitali kazi hiyo haipo.

Seva yenyewe ni boksi jeusi ndani ya kabati la chuma. Ina waya mmoja wa mtandao, lakini inatakiwa kuitikia anwani kumi: moja yake ya asili na tisa za kuongezwa. Vifaa vya maabara vinaiita kwa anwani moja, duka la dawa kwa nyingine, benki ya damu kwa nyingine, wodi ya wazazi kwa nyingine. Baadhi ya vifaa hivyo ni vikuukuu, vilipangwa na watu waliokwisha kuondoka, na hakuna anayethubutu kuvigusa.

"Wewe nifikirie mimi," Mama Namba anaeleza. "Nyumbani naitwa mama. Kwa watoto wa kaka yangu ni shangazi. Kwa mke wa kaka ni wifi. Wote hao ni mimi mmoja. Sasa nilale, niamke nikijua jina moja tu. Watoto waite shangazi, shangazi, mimi kimya. Ndiyo seva yetu hiyo."

Betri iliyo chini ya kabati hushikilia dakika kumi na moja. Jenereta ni ya chumba cha upasuaji pekee. Dakika hizo zikiisha, seva huzimika, na ikiamka huwa imesahau anwani zote tisa.

Mara hii umeme unarudi baada ya dakika arobaini. Mama Namba anafungua daftari lililovalishwa nailoni, anasogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa skrini, na kuanza kuandika kwa kidole kimoja. Kila akimaliza mstari ananyanyua simu ya ndani.

"Maabara, mnapata?"

"Tunapata, mama."

"Duka la dawa?"

"Tunapata. Leo umechelewa, tulidhani umeolewa!"

"Nani atanioa na harufu hii ya dawa ya choo?" anajibu, na anaendelea.

Akifika kwa wodi ya wazazi mzaha unakoma. Anaisoma anwani kwa sauti, tarakimu moja moja, mara mbili. Anaandika. Anaisoma tena. Kisha anapiga simu na kusubiri, na asiposikia neno "tunapata" hashuki ngazi.

Daftari aliachiwa na fundi wa kompyuta, ambaye alikuwa fundi pekee wa hospitali nzima. Yeye ndiye aliyempa Mama Namba ufunguo ili afute vumbi kwenye kabati. Alipopata kazi kwingine, alimwandikia mistari tisa pamoja na nenosiri, akamwambia: umeme ukirudi, andika hivi, ni kwa wiki mbili tu, mpaka mwenzangu aje. Mwenzake hajaja mpaka leo.

Kilichomponza fundi ni kile kinachowaponza mafundi wengi: kitu kilikubali. Ukiiongeza anwani wakati seva inafanya kazi, inaitika papo hapo, na mtu anaondoka ameridhika. Lakini seva imeishika kichwani tu. Ili idumu, ni lazima iandikwe kwenye faili la mipangilio, lile ambalo seva hulisoma kila inapoamka.

"Nilijua, na ndiyo inayoniuma," fundi huyo anasema kwa simu. "Ilikuwa kazi ya robo saa. Nikasema nitaifanya wiki ijayo. Wiki ijayo ikaharibika printa ya mapokezi, baada ya printa kikaja kitu kingine, basi nikaondoka. Sikujua ningemwachia yule mama mzigo wa namna hii."

Nyuma ya daftari Mama Namba amechora mistari midogo, mmoja kwa kila umeme uliokatika. Mwaka jana pekee ni thelathini na mmoja. Mara nne alikuwa mgonjwa kitandani na akaja hivyo hivyo, amejikaza kisabuni. Mara moja aliondoka kwenye harusi ya mpwa wake kabla hata hajaketi.

Anakaa chumba kimoja na binti yake, msusi, anayesukia wateja mlangoni. Binti halipendi kabisa boksi la seva, ambalo analiita baba wa kambo. "Likizima tu, mama anashika njia," anasema. "Mimi nikiumwa ananiambia kunywa maji mengi."

Miezi saba iliyopita, umeme ulikatika asubuhi, ukarudi kabla ya saa tano. Mama Namba alipanda, akaandika mistari yake tisa, akaona skrini haijalalamika, akashuka kuendelea na deki. Wakati huo hakuwa na desturi ya kupiga simu.

Anwani ya wodi ya wazazi inaishia na sabini na nane. Aliandika sabini na tatu.

Sabini na tatu haikuwa ya mtu. Seva ilikaa ikiitikia jina ambalo hakuna aliyeliita, na kompyuta ya wazazi ikawa inaita bila kujibiwa. Wodini mle alikuwamo mama aliyetoka kujifungua, anavuja damu. Mkunga wa zamu alituma maombi ya damu kwa kompyuta kama ilivyo kawaida, akaona kialama cha kusubiri kinazunguka. Baada ya umeme kukatika mambo huwa polepole, kwa hiyo hakushtuka. Alikuwa na mikono miwili na kazi ya mikono sita. Alipogundua kwamba maombi hayajafika popote, akamtuma mtu kwa miguu, dakika thelathini na tano zilikuwa zimepita.

Mtoto alipona. Mama yake alifariki kabla ya saa saba.

Ripoti ya hospitali ina ukurasa mmoja na nusu. Sababu iliyotajwa ni hitilafu ya umeme.

"Nilipanda juu jioni ile baada ya kuambiwa wazazi hawapati," Mama Namba anasema. Ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono imelala mapajani. "Nikasogea kwenye skrini, nikasogea, nikaiona ile tatu. Nilikaa chini sakafuni mpaka nikasikia wa zamu ya usiku wanaingia."

Kesho yake alikwenda kliniki ya macho kwa mara ya kwanza maishani. Aliambiwa ni presha ya macho, kwamba imekuwa ikimla polepole kwa miaka, na kwamba jicho lililobaki, hata kwa dawa ya matone, huenda lisimalize mwaka.

Alikwenda pia msibani. Alikaa nyuma kabisa, akaosha vyombo, akachota maji. Mama wa marehemu, mwanamke wa umri wake, alimshika mkono akamuuliza anatoka wapi. Akasema anafanya usafi hospitalini.

"Akaniambia, 'Mwenzangu, umeme umenimalizia mtoto.' Nikaitika, 'Pole, dada.' Basi. Ndivyo nilivyomjibu," anasema.

Ukweli aliueleza kwa yule mkunga wa zamu peke yake. Mkunga, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, hakumkaripia wala hakumkumbatia. "Nilimwambia nenda kaseme," mkunga anakumbuka. "Akaniuliza, 'Nikisema watanifukuza leo leo. Umeme ukikatika kesho, nani ataandika?' Tangu siku ile tukabaki na siri hiyo, na mimi siri imeninyima usingizi."

Huo ndio mtego uliomnasa kwa miezi saba. Akikiri, ataondolewa, na idara tisa zitabaki bila mtu wa kuziandikia anwani. Akinyamaza, ataendelea kuandika kwa jicho linalofifia, na siku moja ataandika tatu nyingine. Njia iliyobaki ilikuwa moja: seva ifundishwe kukumbuka yenyewe, kabla jicho halijafunga.

Mara mbili alikwenda kwa katibu wa hospitali kuomba fundi aletwe. Mara zote mbili, anasema, aliulizwa swali lile lile: mbona inafanya kazi?

Katibu anazungumza kwa upole na kwa tahadhari. "Kiutaratibu, mfanyakazi wa usafi hagusi mitambo," anasema. Akiulizwa ni nani basi anayeigusa, anajibu kwamba nafasi ya fundi imeombewa kibali. Akiulizwa iliombewa lini, anaangalia saa yake.

Alhamisi ya wiki hii, Mama Namba alifunga mlango wa chumba cha juu akiwa na mkunga. Simu iliwekwa juu ya kabati, fundi wa zamani akisikika kutoka huko aliko. Mkunga alijitolea kuandika, lakini Mama Namba akakataa katakata. Mkunga akasoma kutoka daftarini, Mama Namba akaandika kwenye faili, na kila mstari mkunga aliurudia kwa kidole juu ya kioo. Waliukagua ule wa wazazi mara tano. Fundi alichoka mpaka akasema, "Jamani, sabini na nane ni sabini na nane!"

"Ungeyasema hayo miaka sita iliyopita," mkunga alimjibu.

Lakini faili likiandikwa halijathibitika. Utajua kama seva inakumbuka kwa kuizima tu na kuiwasha, na hakuna mkubwa aliyetaka kuonekana ameizima kwa makusudi. Mwishowe katibu alikubali Jumapili saa nne asubuhi, saa ya wagonjwa wachache, wodi zikiandika kwa mkono. Sharti lilikuwa karatasi: mfanyakazi wa usafi anathibitisha kuwa amegusa mitambo kwa hiari yake, na lolote likitokea ni juu yake. Kwa mara ya kwanza hospitali ikamtambua Mama Namba kwa kazi aliyoifanya miaka sita, na ilimtambua ili abebe lawama. Alitia sahihi papo hapo.

Jumapili aliizima mwenyewe. Taa za kijani zilikufa moja moja. Akahesabu mpaka mia, akabonyeza, kisha akaketi na kuikalia mikono yake, kiganja chini, ili isije ikashawishika kuandika anwani.

Simu ya kwanza ilikuwa ya maabara. "Tunapata." Ikafuata ya duka la dawa, ya benki ya damu, ya mapokezi. Dakika sita baadaye zilikuwa nane. Wazazi hawakupiga.

Katibu alisimama mlangoni, akatazama saa yake, akasema labda arudie kuandika kutoka daftarini. Mama Namba akaendelea kuikalia mikono yake. Ilipita dakika ya kumi, ikapita ya kumi na nne. Simu ilipolia aliirukia, karibu aidondoshe.

"Samahani, mama," ilisema sauti ya mkunga, ikihema. "Nilikuwa namzalisha mtu. Tunapata. Tumepata tangu mwanzo."

Mama Namba alilia bila kujificha, machozi yakitoka hata kwenye jicho lisiloona. Katibu alisubiri amalize, kisha akanyoosha mkono kuomba ufunguo wa chumba. Akapewa.

Sasa ni Jumapili alasiri, nyumbani kwake. Amefua gauni la kazi, ingawa hajui kama atalivaa tena. Kesho asubuhi atakwenda kwa mama wa marehemu, anakolelewa yule mtoto, na kutoka hapo atakwenda kwa katibu. Ameomba makala haya yasichapishwe mpaka awe amefika kote kuwili, na gazeti limekubali.

Binti yake hataki hata kusikia. "Ripoti imeshasema umeme," anamwambia, sega mkononi, kichwa cha mteja kimesukwa nusu. "Mama, nyamaza. Wakikupeleka polisi je? Utakwenda kortini na jicho gani?"

"Na hili hili," anajibu. "Wewe utanishika mkono."

Binti anageuza uso upande wa ukuta. Mteja anajifanya hasikii.

Anaulizwa atamwambia nini yule mama, ambaye kwa miezi saba, kila taa ikizimika, ameulaani umeme kwa kifo cha mwanawe. Mama Namba anakunja kitambaa kidogo mara nne, anakikunjua, anakikunja tena.

"Nitamwambia umeme ulikuwa umesharudi," anasema.