Bakteria Kibanjani kwa Tata

Kazi yangu hapa Bukoba mjini ni kutunza chupa za maji ya kijani. Ndani ya maji wamo bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua, kama jani la mgomba. Mtaalamu aliyeniajiri alisema wamebadilishwa chembe za urithi ili watoe asidi ya kutengenezea plastiki. Nilielewa nusu. Nilishika neno bakteria kwa sababu ndilo alilolirudia.

Mwaka jana Tata, yaani baba yangu, alituita kijijini Rubafu, mimi na mdogo wangu, atugawie kibanja, shamba letu la migomba. Miche ya mlamula ya kupandwa mpakani ilikuwa tayari uani. Tukiwa tunakula pamoja na ndugu waliokuja kushuhudia, aliniuliza mjini ninafanya nini hasa. Mimi si msemaji, hasa mbele ya watu. Nikasema nafuga bakteria.

Tata aliacha kutafuna. Neno hilo alilisikia kwa bwana shamba, ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye migomba yetu. Bwana shamba alisema ni bakteria, na migomba ya babu ikang'olewa karibu yote. Mpaka leo Tata hatoki mgomba mmoja kwenda mwingine kabla hajachoma panga motoni.

"Unawafuga?" aliuliza.

"Ndiyo, Tata. Lakini hawa ni wa jua. Wanatoa plastiki."

"Basi watuletee ndoo," alisema baba mdogo. "Ya kwetu imepasuka."

Watu wakacheka.

Tata hakucheka. "Mkono unaowalisha hao hautagusa mgomba wangu."

"Tata, waitu," nilimsihi, "si wale wa mnyauko."

"Wale nao hatukuwaona kwa macho."

Aliinuka akamwita mdogo wangu. Waliingia kibanjani wawili. Miche ya mlamula ilibaki uani, kwa kuwa hapakuwa na mpaka wa kuweka tena. Mama alinifungia ndizi mbivu za njiani.

Niliporudi kazini nilimsimulia mtaalamu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Si ungesema mwani tu? Sisi wenyewe wageni wakija tunawaambia ni mwani, wasiogope."

Neno hilo walikuwa nalo siku zote. Waliwawekea wageni. Mimi walinipa bakteria, nikaenda nalo nyumbani, na sasa mdogo wangu anapalilia kibanja chote peke yake.