Jimnastiki ya Adjudan na Bibi Yake

Mu ile miaka ya Zaire, asubui moya, nilipeleka mujukulu wangu ku dispanseri ya Base ya basoda, kule banapimaka batoto kilo. Mbele yangu mulikuwa adjudan na bibi yake. Munganga akapima mutoto wabo, akatikisa kichwa.

"Mama, mutoto anakonda. Maziwa iko wapi?"

"Ilikauka, Munganga. Kila asubui bwana ananirukisha jimnastiki mu lupango, inje ya nyumba."

Adjudan akashika tumbo yake na mikono mibiri. "Komanda alisema wenye matumbo batafukuzwa ku kazi. Njo tunafanya pamoja, minyi na bibi."

"Na weye unarukaka?"

"Minyi namuhesabiaka: moya, mbiri, moya, mbiri."

Sisi bamama tukacheka mupaka machozi. Munganga yeye hakucheka. "Adjudan, bibi apumzike, akule bukari ya kushiba. Ni mutoto anakufa."

Bwana akageukia bibi. "Basi weye njo unataka banifukuze?"

Yule mama akafunga mutoto ku mukongo, akajibu polepole: "Hapana, bwana. Kesho nitaruka."

 Kila moya wetu bamama alikuwa na bwana wake ku nyumba, mwenye kumuhesabia.