Mama Apiga Hodi Jumba la Ufukweni

Zilibaki siku chache Mama arudi Mombasa, na tangu aje kwangu Selly Oak, mtaa wa Birmingham, Uingereza, alikuwa hajaiona bahari. Magoti yake hayataki mchanga, na baridi ilimfungia ndani. "Likoni nitawaambia nini?" aliniuliza. "Kwamba nimekaa kisiwani na bahari sikuiona?" Swali hilo liliniuma. Nikaomba ruhusa kazini.

Jumamosi asubuhi tulishika treni hadi katikati ya Birmingham, tukapanda nyingine ya kwenda pwani. Mama alipakata bakuli la mahamri, na harufu ya iliki ililijaza behewa zima. Nilimwambia kule kuna mkahawa.

"Mimi siendi kwa watu mikono mitupu."

Adhuhuri tulifika, na mvua nayo ikafika. Lakini pale ufukweni lilikuwepo jumba la umma la miaka ya hamsini: zege jeupe, paa bapa, kioo kutoka sakafuni hadi darini, na pembeni mwa ngazi, njia pana ya mteremko iliyopinda taratibu hadi ghorofani. Aliyelichora alikuwa na mama mwenye magoti mabovu, nina hakika.

Juu, bahari yote ilikuwa mbele yetu. Mama akasimama mlangoni.

"Hodi."

Watu waliendelea kunywa chai.

"Keti, Mama."

"Siketi nyumba ya watu sijakaribishwa. Mwenyewe yuko wapi?"

Nilimwendea msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye funguo kiunoni, nikamweleza huku nimeona haya. Hakucheka. "Mwambie lilijengwa kwa ajili ya yeyote anayetaka kuitazama bahari," alisema. "Ni lake pia."

Nikatafsiri. Mama alifikiri kidogo, akampa msimamizi hamri la kwanza, kisha akaketi kwenye benchi la mbao lililofuata mpindo wa kioo. Maji yalikuwa ya kijivu, si kama ya kwetu. Aliyatazama mpaka machozi yakamtoka, nami yakanitoka.

Alasiri, tukijiandaa kuondoka, mzee mmoja na mkewe waliingia wamelowa, wakasita mlangoni. Mama aliwasogezea nafasi, akaligonga benchi kwa kiganja.

"Karibuni. Hapa ni kwetu."

Kiswahili hawakukijua, lakini waliketi. Wakapewa mahamri.

Tukirudi Mama alisinzia, bakuli tupu mapajani. Miaka yote niliyoishi Birmingham nimekuwa mtu wa kusimama pembeni, nikingoja kukaribishwa.

Mama alipokwisha kuondoka, nilirudi kule peke yangu. Sikupiga hodi.