Siku Niliyotangaza DNA Gulioni Kumsenga

Mpaka leo nikipita Kumsenga sivui helmeti. Hata nikiwa nimeshashuka kwenye pikipiki na kukaa kwenye benchi la chai, nanyanyua kioo kidogo, napitisha kikombe, nashusha kioo. Watu wanadhani naogopa vumbi. Siyo vumbi, ni aibu, na kwa kuwa najua mmeshausikia mkasa huu vipande vipande kutoka kwa watu ambao hawakuwepo (nimeambiwa ukifika Kasulu mjini unakuta umeshaongezewa mgambo na mbwa, ambao hawakuwepo pia), acha niueleze mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi kwenye mradi wa utafiti. Mkuu wetu alikuwa Daktari Salma, mama wa Tanga, mpole, mwenye Kiswahili kile cha pwani ambacho hata akikugombeza unajiona umekaribishwa ndani. Alikuwa anatafiti watoto wanaochelewa kuongea au wasioongea kabisa, na watu wazima wanaosikia sauti ambazo wenzao hawazisikii, akitaka kujua kwenye yale maelekezo madogo madogo ya mwilini tunayorithi kwa wazazi ni kitu gani kimekaa tofauti. Kipimo chenyewe hakina sindano. Mtoto, mama na baba wanatoa mate, yanatiwa kwenye vichupa, yanapelekwa maabara, yanalinganishwa, basi. Mimi niliajiriwa kwa sababu ya Kiha changu na sauti yangu, ambayo bila kujisifu inavuka bonde.

Kabla ya kututuma, daktari alituonya. "Neno letu ni vinasaba. Lile la herufi tatu msilitamke huko, tafadhalini. Watu wanalijua kwa kazi moja tu."

Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Sasa siku ya gulio tukaenda Kumsenga na gari la mradi, spika mbili juu, dereva wetu Rajabu kwenye usukani na mimi nyuma nimeshika kipaza. Na Kumsenga kwangu siyo kijiji cha kupita tu, ni ukweni, mke wangu Jeni amezaliwa pale, kwa hiyo nilikuwa nimevaa shati la kuonekana. Nikatangaza vinasaba kwa Kiswahili, nikatangaza kwa Kiha, nikazunguka gulio lote. Bibi mmoja akaniuliza kama hivyo vinasaba vinapandwa na mahindi au peke yake. Muuza dagaa akataka kujua kama ni ile dawa ya kuogeshea ng'ombe. Jua kali, koo limekauka, na nyuma ya mafungu ya ndizi nimewaona wadogo zake Jeni wananicheka, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikasema moyoni, neno lipo, linajulikana, kwa nini niteseke?

"Jamani!" nikapaza. "Ni DNA! DNA si mnaijua? Kesho, kiwanja cha mpira, baba aje, mama aje, mtoto aje. Mnatema mate tu. Bure!"

Gulio likanyamaza. Hata kijana wa mitumba akaacha kupiga makofi. Mimi ule ukimya nikautafsiri kuwa ni kuelewa.

"Kaka," Rajabu akaniambia tukirudi, "hilo tangazo limeingia."

Nikafurahi. Mjue kwamba nilifurahi.

Kesho yake tulipofika, kiwanja kimejaa, na kimejaa wanaume. Wanaume na watoto. Mmoja alikuja na watoto wake wote, amewapanga kwa urefu, akawa anasema mashine ianze na yule wa katikati, wengine hana shaka nao sana. Mwingine kavuka kutoka Mabamba kwa baiskeli, mtoto amelala kwenye keria. Wanawake walikuwa wachache, wamesimama pembeni na majembe yao, na hawakuwa na sura ya watu wanaoelekea shamba.

Daktari Salma akashuka na sanduku lake la vichupa, akatazama, akamuuliza yule mwenye watoto wengi, "Mama yao yuko wapi?"

"Amekwenda kwao tangu jana jioni," akasema yule bwana, akiwa ameridhika. "Unaona sasa?"

Daktari akanigeukia taratibu. "Ndugu yangu, jana uliwatangazia nini hawa watu?"

"Utafiti, daktari."

Jamaa mmoja kwenye foleni (Mungu anamjua) akaona nisiachwe peke yangu, akarudia tangazo langu neno kwa neno, na sauti akaigiza, na lile "Bure!" akalivuta kama nilivyolivuta mimi. Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Akafumba macho kidogo tu, kama mtu anayeumwa jino.

Ingeishia hapo ningewasimulia kwa raha. Lakini katikati ya foleni nikamwona shemeji yangu Festo, kaka yake Jeni, amevaa suruali ya kwendea kanisani, na nyuma yake mkewe Yustina amemshika mkono Anita, binti yao. Anita alikuwa amefikia umri wa kuanza shule na hajawahi kutamka neno. Ukimpa kifuniko cha chupa anakizungusha chini, anakitazama, anakizungusha tena, na ukimwita hageuki. Kwa kweli ni kwa ajili ya watoto kama Anita daktari alikuwa ametoka Tanga. Ila Festo hakuja kwa ajili hiyo.

"Kwetu hakuna mtoto asiyeongea," alikuwa anawaambia watu, na hakuwa anawanong'oneza. "Tangu babu yetu, hakuna. Huyu ametoka wapi? Leo mashine itasema, na huyu mwanamke atarudi kwao."

Nikamtazama Yustina. Akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo shemeji," halafu akasema, "Ameniambia kama sina kosa nije. Nimekuja." Akainama kumfuta Anita pua. Nilitamani ardhi inimeze, na haikunimeza.

Daktari akanipa kipaza. "Umeharibu kwa spika, tengeneza kwa spika."

Nikapanda juu ya gari, nikaeleza kwamba hatupimi nani baba wa nani, tunatafuta asili ya magonjwa. Wanaume wakaanza kelele, eti tumehongwa na wanawake usiku kucha. Rajabu kuona sisikiki akaongeza sauti ya spika mpaka mwisho. Na hapo ndipo mtu mmoja kutoka nyuma akauliza, "Wewe mkwe wetu, mtoto wako umeshampima?"

Sasa nyie mnajua Kiswahili chetu. Mtu akikuuliza umeshaoa, umeshakula, umeshafika Dodoma, husemi hapana, hapana ni neno la ugomvi, unasema bado. Ulimi wangu ukafanya ulichozoea.

"Bado," nikasema.

Spika zikasema bado. Mlima wa ng'ambo ya bonde nao ukasema bado. Likaenda hilo neno mpaka kwenye migomba ya mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake iko karibu tu na kiwanja, na ninyi mnajua kwamba bado ya namna hiyo maana yake ni kwamba siku inakuja.

Watu wakapiga kelele za furaha. Wanawake wenye majembe wakasogea. Nikajaribu kurekebisha, nikasema sina nia hiyo, nampenda mke wangu, mtoto kafanana na mimi hata masikio, na kila nilichoongeza kilikuwa ni kuni kavu. Kisha umati ukapasuka njia, na mama mkwe akapita.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani ovyo. Tangu nioe sikuwahi kukaa naye benchi moja, tulikuwa tukisalimiana kwa mbali na kwa macho ya chini. Nikaruka kutoka kwenye gari, nikachuchumaa mbele yake, kipaza nimekikumbatia kifuani kwa mikono miwili kama mtu anayeomba. Na yeye, kwa heshima ya kutoniaibisha mbele za watu, akainama karibu kabisa na mimi, akasema kwa sauti ya chini.

"Mkwe wangu. Hilo la binti yangu tutaliongea nyumbani. Nimekuja kwa ajili ya Yustina. Festo asimfukuze, tulimdanganya. Nilikuwa na kaka, Bukuru. Hakuwahi kusema neno mpaka anakufa. Baba alimweka nyumba ya nyuma, watu tukawaambia yuko Uvinza kwenye machimbo ya chumvi. Mimi ndiye nilikuwa nampelekea chakula. Mwambie daktari wako achukue mate yangu, amwache mke wa mwanangu."

Mlima wa ng'ambo ukajibu: mke wa mwanangu.

Nilikuwa sijazima kipaza.

Alinyanyua kichwa, akazitazama zile spika juu ya gari. "Mawe wee," akasema, yaani mama yangu wee kwa Kiha, na hilo nalo likaenda. Rajabu ndiye aliyekimbia kuchomoa waya, mimi kipaza bado nimekikumbatia.

Mama mkwe wangu, mama wa kanisa, mtu aliyebeba jambo moja tangu usichana wake bila kulidondosha, nimelidondosha mimi kwenye kata nzima. Alikaa chini kwenye nyasi, hapohapo alipokuwa. Yustina akamwachia Anita mkono, akaenda kukaa kando yake, wakawa bega kwa bega.

Festo akasimama mbele yao. "Mama. Uvinza hakuwahi kwenda?"

"Hakuwahi kwenda popote, mwanangu."

Akageuka, akaenda kukaa chini ya goli la upande wa pili, peke yake.

Daktari Salma akachuchumaa kwenye nyasi na vichupa vyake. Akasema bila spika kwamba hamwahidi mtu jibu, kwamba ya Bukuru na ya Anita huenda yana uhusiano na huenda hayana, ndiyo maana anatafuta, na kwamba hata akijua nani baba wa nani hatamwambia mtu, leo wala kesho, hiyo siyo kazi iliyomleta. Robo tatu ya foleni wakasonya wakaondoka. Mama mkwe akatema mate kwenye kichupa. Yustina akatema. Anita hawezi kutema kwa kuambiwa, kwa hiyo walimpitishia kijiti cha pamba ndani ya shavu, akaking'ata, wakachukua kingine.

Halafu mzee mmoja ambaye simjui akamsogelea daktari, akamwambia kwa Kiha, nami nikatafsiri, kwamba hata kwake yuko mmoja, nyumba ya nyuma, mkubwa sasa, na je, ni lazima aletwe hapa au daktari anaweza kwenda? Daktari akachukua sanduku lake. "Twende," akasema. Festo alikuja baadaye akatema mate bila kumtazama mtu. Yustina hakufukuzwa. Mimi Festo hanisalimii, na sijalalamika.

Jeni alinipigia kabla hatujafika barabara kuu. Hakunigombeza. Alisema, "Nakwenda kukaa na mama kidogo," na hicho kidogo kilikuwa kirefu. Nilipokwenda kuomba radhi nilikwenda na mjomba wangu na pombe ya ndizi, nikakaa karibu na mlango kama mtu anayeposa upya. Mama mkwe aliniacha nimalize maneno yote niliyofundishwa njiani, kisha akaniuliza jambo ambalo sikufundishwa.

"Bukuru, mngempima, angesema?"

"Sijui, mama."

"Afadhali umesema hujui," akasema, akaagiza niletewe chakula.

Kazi ya utafiti ninayo bado, daktari hakunifukuza. Ila naenda nyumba kwa nyumba, nakaa, naeleza kwa Kiha mpaka chai inapoa. Kipaza sikishiki tena maishani. Hiyo kazi nimewaachia wauza sumu ya panya.