Marashi Juu ya Kaburi la Sista

Siku yangu ya kwanza kazini, Padre Mwenyekiti alinipa kalamu, muhuri na onyo: "Shahidi akisema kwa utamu, bwana, mtilie shaka mara mbili."

Nilikuwa mwandishi wa baraza la uchunguzi, anayeandika kila neno la mashahidi pale kanisa linapotaka kujua kama marehemu fulani aliishi kitakatifu. Hatumfanyi mtu mtakatifu. Twauliza tu kama Mungu alikwisha kumfanya. Marehemu wetu alikuwa Sista, mkunga wa zahanati ya misheni karibu na Msambweni. Binti yangu alizaliwa mikononi mwake. Nilitamani ashinde, na tamaa hiyo nayo niliishuku.

Mashahidi wa mwanzo walituletea Sista asiyekasirika, asiyechoka, asiyelalamika. Maneno yao yalifanana kama sare za shule. Nani aliwafunza?

Kisha tukakagua kaburi. Marehemu haruhusiwi kuheshimiwa hadharani kama mtakatifu kabla kanisa halijasema. Ikithibitika kwamba ameheshimiwa hivyo, kesi hukwama. Jiwe lilikuwa limelowa, lanukia marashi ya waridi. Nikaamini waumini wetu wanatuficha jambo. Ijumaa nikajibanza kwenye ukuta wa makaburi, nikamwona Bi Mwanamisi, Mwislamu, muuza samaki wa Kinondo, akinyunyiza marashi.

"Shikamoo, bibi. Unamwabudu Sista?"

"Marahaba. Astaghfirullah! Nimwabudu mtu aliyenizaba kofi nikiwa na uchungu wa kuzaa? Namwombea msamaha kwa Mungu, na marashi ni desturi yetu makaburini."

Barazani aliapa, akaeleza. Baada ya kofi lile, Sista alimwendea kila Ijumaa kwa miguu kutaka radhi, naye akimfungia mlango.

"Mwaka mzima, Padre. Husema, 'Nilikukosea,' akaenda zake. Mwisho nikamwambia, 'Ingia wewe, utakimaliza kizingiti changu!'"

Padre Mwenyekiti aliniinamia. "Hilo la kofi liache, ndugu. Litatuangusha."

Kalamu ilisita. Nilimkumbuka binti yangu.

"Padre, wengine wote wamesema kwa utamu."

Nikaandika kofi, nikaandika na zile Ijumaa, nikapiga muhuri.

Sasa nimestaafu, na jibu kutoka Roma halijaja. Sivunji siri, Bi Mwanamisi mwenyewe ameyasimulia sokoni kote. Ninyi vijana, mkiletewa mtakatifu asiye na doa, ulizeni nani alilifuta.

Binti yangu alikuwa amechoshwa na sifa za Sista tangu utotoni. Juzi nilimweleza habari ya kofi. Akaniuliza njia ya kwenda kaburini.