Shikamoo Niliyoiruka

Skuli niliiacha nikiwa kidato cha pili. Haikuwa mimba wala ada, ingawa mtaani walikisia yote mawili. Nilichoka kukaa kwenye benchi moja nikitazama ubao mmoja. Tangu hapo nimekunja mashuka hotelini Kiwengwa, nimewachora hina wageni Paje, nimefunga mwani kwenye kamba mpaka vidole vikachanika, nimeuza mikoba ya ukili katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Kila kazi niliifanya mpaka nikajua inavyofanywa, kisha nikaanza kuuliza gari ya kwengine inaondoka saa ngapi.

Nilipimwa virusi vya ukimwi nikiwa Paje. Muuguzi aliyenipa majibu alikuwa ameshatayarisha kitambaa cha kunifutia machozi. Mimi nikamuuliza virusi vinajificha wapi mwilini wakati dawa zinavitafuta, na mbona haviishi. Nilimuuliza mpaka akatazama saa ya ukutani. Kulia nililia baadaye, wiki nzima.

Kuuliza huko ndiko kulikonifikisha kwenye kikundi. Tulikuwa watu kumi na kitu, sote tunaishi na virusi, na chumba chetu kilikuwa Amani, nyuma ya uwanja wa mpira. Siku za mechi tulingoja kelele ziishe ndipo tuendelee kusema. Mwenyekiti wetu alikuwa fundi cherehani, mama mnene mwenye futi ya kupimia shingoni hata kikaoni. Watafiti walikuwa wakija na madodoso yao, wanatuuliza tumelala na wangapi na vidonge tumevisahau mara ngapi. Hakuna aliyeuliza mtu anafanyaje mwezi wa Ramadhani. Wala anafanyaje shughulini, harusini au msibani, akiwa amekaa na wenzake kutwa nzima na saa ya kidonge ikafika. Mwenyekiti akasema basi, tujiulize wenyewe.

"Weye ndo utakwenda mashamba," aliniambia. "Umekaa kila kijiji. Miye nikenda huko ntapotea hata njia ya kurudi."

"Na dodoso je? Mimi sijasoma."

"Dodoso tutaandika sote. Weye hujui kunyamaza, kazi yako kuuliza tu."

Mjini tulikuwa tumeshaanza kuhoji, na kabla ya kutoka kwenda mashamba tulitunga kanuni. Mwenzetu mmoja alikuwa amemkuta sokoni Darajani mama aliyemhoji, akampigia kelele kwa furaha, wakakumbatiana. Mume wa yule mama alikuwa nyuma yake amebeba mapapai. "Huyu unamjuaje?" Swali hilo lilimfuata mke mpaka nyumbani, na halikuisha vizuri. Kwa hiyo tukaandika: nje ya chumba, hatumjui tuliyemhoji. Akitusalimu yeye kwanza, tutaitika. Asiposalimu, tutapita. Tukatia saini sote. Mimi nilitia kwa fahari, maana mpaka siku ile karatasi pekee niliyowahi kutia saini ilikuwa ya kupokea mashuka.

Nilikuwa na la kusema siku ile na sikulisema. Tulikuwa watu wa mjini tumekaa mjini tunatunga kanuni ya mjini. Darajani unaweza kupishana na watu mia usimwamkie hata mmoja na hakuna atakayekuuliza. Shamba sivyo. Chumbani mle nililijua hilo mimi kuliko wote, na ndiyo sababu wakanichukua. Lakini kanuni ilikuwa imepigwa kwa kompyuta, mistari imenyooka, nikajiona ni nani mimi wa kuikosoa.

Mpishi alikuja Amani wiki chache kabla ya Ramadhani. Namwita mpishi kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha, kabla hata ya kusema ana virusi. Alikuwa na umri wa mama yangu, mrefu, mikono yake ina makovu ya mafuta, na kikapu chake kilinuka iliki na mdalasini mpaka mwenyekiti akapiga chafya. Alitoka kijiji kimoja cha upande wa mashariki. Sitakitaja.

"Bizari hizi ndo zinazonileta mjini," alisema. "Kila miezi mitatu zinanimalizikia. Wenzangu wanasema bibi huyu bizari za kijijini hazimfai, ana maringo." Akacheka. "Kliniki ya karibu siendi. Nikikaa pale kwenye benchi, kabla sijaitwa, habari ishafika nyumbani."

Nikamuuliza habari ya Ramadhani. Alinieleza kama mtu anayekufundisha kukaanga vitunguu, hatua kwa hatua, bila haraka. Kidonge anakihamishia saa ya kufuturu. Akiwa kwake, hana shida. Akiwa anapika futari ya watu wengi, anakifunga kwenye pindo la kanga, na adhana ikishalia anakitia mdomoni pamoja na kijiko cha mchuzi. Shughulini ni vivyo hivyo.

"Mpishi akitia mkono mdomoni, nani atamuuliza? Anaonja chumvi."

Nilicheka mpaka kalamu ikanianguka. Kisha nikamuuliza anaogopa nini hasa. Swali hilo halikuwamo kwenye dodoso, nilitaka tu kujua.

"Kufa siogopi, nshaogopa mpaka nikachoka. Naogopa siku watu wataacha kula mkono wangu. Mume tuliachana zamani, watoto mmoja yuko Bara, mmoja Omani. Nilicho nacho ni sufuria. Nikiitwa shughulini nikashika mwiko, miye ni mtu."

Niliyaandika yote, neno kwa neno. Kati ya watu wote niliowahoji, hakuna aliyesema vizuri kama yeye.

Baada ya Idi harusi zikaanza. Kikundi kilikuwa kimepata ruhusa ya sheha, kiongozi wa kijiji, kwenda kuzungumza kwao yule mpishi, na nikabaki huko wiki nzima, nimepanga chumba kwa mjane mmoja. Siku ya pili tu kila mtu alikuwa ananijua: yule wa kikundi cha ule ugonjwa. Sikuona tabu. Siri yangu niliimwaga mjini na kila nilipopita, na palipokuwa pazito nilihama. Sikufikiri kwamba wako watu wenye kijiji kimoja tu.

Asubuhi moja mjane akanichukua kwa jirani, kwenye harusi. Uani kulikuwa na wanawake wanane juu ya mkeka, wengine wanachagua mchele, wengine wanamenya kitunguu thomu. Unaanza na aliye karibu na mlango, unampa mkono, unainama. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu." Unakwenda kwa wa pili, hivyo mpaka mwisho. Hakuna njia ya mkato. Mpishi alikuwa wa nne, mikono ya gauni ameikunja mpaka kwenye viwiko.

Nilipofika mbele yake nikakwama. Kanuni ilisema atangulie yeye. Lakini mkubwa hatangulii, mkubwa huamkiwa. Alinitazama akingoja shikamoo, nami nikamtazama nikingoja ruhusa. Alikuwa ameshaupangusa mkono kwenye kanga. Nikauruka. Nikamshika wa tano.

"We mtoto!" akasema mwanamke aliyekuwa na ungo mapajani, mcheshi wa uani pale, niliyekuwa nimemsikia tangu mlangoni. "Huyu hapa katikati umemwona kinu?"

Wakacheka.

"Tushaamkiana," nikasema.

"Lini? Bibi huyu yuko na masufuria tangu alfajiri, na weye ndo kwanza unaingia."

Mimi nisiyejua kunyamaza, nikamwinamia wa sita.

"Kumbe mnajuana?" akauliza mwengine, taratibu, bila kucheka.

Mpishi ndiye aliyeniokoa, au aliyejaribu kujiokoa. "Mpeni chai mtoto wa watu," alisema. "Njaa imemtoa adabu." Wakacheka tena, na mimi nikacheka, nikarudi nyuma nikatoa mkono. "Shikamoo, bi mkubwa." Akaitika akiwa anatazama mchele. Mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa. Mwanamke wa ungo alikuwa ameacha kupepeta. Alinitazama mimi, akamtazama mpishi, kisha akaanza kupepeta tena, polepole kuliko kwanza.

Pilau ya siku ile ililiwa ikaisha. Nikajiambia limepita. Wiki ilipoisha nikarudi mjini.

Ilipofika tarehe yake ya dawa mpishi alikuja Amani. Hakuwa na kikapu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na mwenyekiti, aliyekuwa anapindia suruali, akasimamisha cherehani bila kuambiwa.

"Hawakunitukana," alisema. "Laiti wangenitukana ningejua pa kushika. Harusi iliyofuata walinipokea, wakanibusu mkono. 'Mara hii pumzika, bi mkubwa, umechoka, utakula tu.' Wakaniwekea kiti. Kiti! Miye napika tangu mama zao hawajaolewa, leo nawekewa kiti kama mgeni wa serikali. Na ya baada yake pia, kiti. Jirani nikampelekea mkate wa kumimina, sahani ikarudi inanuka dawa ya kusafishia choo."

Nikasema nisamehe. Nikalisema mara nyingi mno, mpaka akainua mkono ninyamaze.

"Ungenipa mkono tu. Kingekupata nini?"

"Tulikuwa na kanuni, bi mkubwa. Tulitaka kukuhifadhi."

"Nani kaitunga?"

"Sisi."

"Na nyote mmelelewa? Hata mmoja hakusema kwamba mtu mzima haachwi bila kuamkiwa?"

Mwenyekiti akatazama suruali. Jibu nilikuwa nalo: yupo mmoja aliyejua, ndiye mimi. Sikulitoa. Hilo nalo nalijutia, maana ilikuwa haki yake kusikia kwamba haukuwa ujinga wa mtu wa mjini.

Alitaka karatasi yake. Tulikuwa tumeahidi kwamba kila aliyesema na sisi anaweza kuyachukua maneno yake wakati wowote, na mwenyekiti akafungua kabati bila kubishana. Mpishi hakuwa na miwani, akanipa mimi nimsomee. Nikasoma habari ya bizari, ya futari, ya pindo la kanga. Nilipofika pale anaposema anachokiogopa nikasita.

"Soma," alisema.

Nikasoma. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye kipochi, akasema kliniki wanamngoja.

Nilimfuata mpaka nje. Nikamwambia nitakwenda kijijini, nitakaa mbele ya wanawake wale wale, nimuombe radhi na niwaambie kosa ni langu.

"Thubutu!" Hakupaza sauti. "Sasa hivi wanakisia. Mwengine anaamini, mwengine haamini, bado wanabishana. Weye ukija kuniomba radhi, utakuwa umewamalizia ubishi. Ukitaka kunifaa, usije. Hata kupita usipite."

Utafiti wetu ukatoka, kitabu chembamba chenye jalada la kijani. Ofisini tulikokipeleka walisema ni mara ya kwanza kuona maswali ya namna ile, na mwenyekiti akarudi anatembea kifua mbele. Ukurasa wa Ramadhani ni mfupi. Unasema baadhi ya watu huhamisha saa ya dawa. Hausemi wanavyofanya, na nikiusoma naliona lile pengo kama jino lililong'oka.

Kanuni tuliibadilisha. Niliiandika mimi kwa mkono, mara hii sikuogopa mwandiko wangu: shambani, muamkie kila mtu kama unavyowaamkia wote, usizidishe, usipunguze, na kama hujui desturi ya mahali, muulize mwenyeji kabla hujaingia. Wanaoingia kikundini sasa husomewa hiyo siku ya kwanza. Mmoja aliwahi kuniuliza kwani ni lazima kuandika jambo la wazi kama hilo. Nikamwambia ndiyo, nikabadilisha mazungumzo.

Bado nazunguka. Mwaka huu nasafisha vyumba katika nyumba ya wageni Mji Mkongwe, na nafikiri kwenda kujifunza kazi ya nyuki huko kaskazini. Kijiji kile sikanyagi. Siku ya mpishi ya kliniki huwa siendi Amani, ili asilazimike kuchagua kama atanitazama au atapita.

Mwenyekiti humwona. Ananiambia dawa hajaacha hata mara moja, na mwili wake mzuri. Juzi nilianza kumuuliza kama wamemrudishia mwiko, nikaishia katikati. Kunijibu, ingebidi mwenyekiti amuulize mpishi mwenyewe. Naye angejua swali limetoka kwangu. Nikamwambia basi, achana nalo. Akanitazama kwa mshangao, kwa sababu hajawahi kuniona nimeacha swali njiani.