Kikohozi cha Mwinjilisti

Asubuhi hiyo nilitoka chumbani kwangu Sombetini kwenda kunyoa. Kinyozi wangu yuko Daraja Mbili. Nilipofika nilikuta watu watano kwenye benchi wanabishana kuhusu mpira, nikaona nisogee kidogo kunyoosha miguu mpaka foleni ipungue. Kusogea huko ndiko kulikonifikisha mlimani. Hata shule niliiacha hivyohivyo, kwa kusogea kidogo.

Barabarani kulikuwa na pikapu ya magunia ya pumba, dereva anatafuta mtu wa kumsaidia kushusha. Hakuniambia tunakwenda wapi, na mimi sikuuliza, maana jibu lingeniharibia safari. Tukaupanda Mlima Meru. Lami ikaisha, baridi ikaanza, migomba ikatusogelea pande zote mbili, mpaka tukasimama kwenye nyumba ya bati yenye zizi nyuma. Mwenye ng'ombe alikuwa kazini mjini. Tulimkuta bibi yake peke yake, mwanamke aliyevuka tisini, ameketi kwenye kigoda anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa ukoo gani?"

"Mimi si wa huku."

"Una ndugu huku? Shemeji? Mchumba?"

"Sina hata adui, bibi."

Akaweka ungo chini. "Kusoma unajua?"

"Niliishia darasa la sita."

"Mwinjilisti aliishia la nne, na alitusomea vita vizima. Njoo ndani."

Dereva akapiga honi. Bibi akamwambia pumba zimeshashuka, anangoja nini? Akaondoka bila mimi.

Chini ya kitanda palikuwa na kopo la biskuti. Ndani yake kulikuwa na kifungo cha shaba, kitana kilichobaki meno matatu, kipande cha kitambaa cha mwavuli wa kurukia kutoka kwenye ndege, na barua sita. Mume wake alichukuliwa vitani, akavushwa bahari mpaka Burma, wakiwa wameoana miezi michache tu. Yeye alijua kuandika, mke hakujua kusoma. Kwa hiyo barua ikifika, mwinjilisti wa usharika alikuja kuisoma hapo nyumbani, majirani wamejaa wanasikiliza. Na kila barua, ikifika mahali fulani, mwinjilisti alikohoa. Alikohoa kwa kirefu, akafuta mdomo, akaanzia mstari mwingine.

"Pale palikuwa na maneno," bibi aliniambia. "Maneno yangu. Mwinjilisti aliona haya kuyasema mbele za watu."

Maisha yake yote alikuwa akiyangoja. Kwenye ngumbaru, kisomo cha watu wazima, alifika mpaka kuandika jina lake, kisha macho yakagoma. Watoto na wajukuu wamesoma, mmoja ni mwalimu, lakini mtoto atamsomeaje mama yake maneno ya chumbani? Alitaka mtu asiye na ndugu mlimani, asome, kisha aondoke na siri yenyewe.

"Si ungemwuliza babu aliporudi?"

"Nilimwuliza. Akasema aliandika salamu."

Alinipa bakuli la loshoro, mahindi na ndizi na maziwa mgando, nipate nguvu za kusoma. Barua ya kwanza ilianza kama barua zote: salamu nyingi, mimi mzima, hofu ni kwako. Mvua ya Burma haina adabu. Punda anayebeba risasi zetu ana tabia za shangazi yako.

Bibi akacheka. "Hiyo naikumbuka. Endelea, kikohozi kinakuja."

Nikauona mstari unaofuata, kijiko kikiwa mdomoni: *Na huyo anayekusomea, akimaliza asipewe chakula. Aende kwake.*

Nikakohoa.

"Na wewe!" Bibi akapiga goti lake. "Mtu mzima na ndevu zako! Soma!"

Nilimtazama. Alikuwa amejifunga upya kitambaa cha kichwa, amekaa wima kama mtu anayengoja kuitwa mbele ya watu. Nilifikiria kumtungia kitu chenye mwezi na ua, lakini nilijua angeniomba nirudie, na mimi uongo wangu siukumbuki. Nikamsomea kilichoandikwa. Akanisogezea ya pili.

*Nimesikia msomaji amenenepa. Sisi huku tunakula biskuti zenye wadudu.*

Ya tatu: *Barua hii isomewe nje, na mlango ufungwe.*

Ya nne: *Akikaa sana, mfungulie mbwa.*

Bibi akaichukua ile barua, akaigeuza pande zote mbili. Kisha akauliza, "Unajua nilimpa nini kila alipokohoa? Maziwa ya moto na asali. Wakati ule nilidhani ni kifua."

Nilicheka mpaka loshoro ikaniingia puani. Yeye hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu nyingine.

"Kwa hiyo alikuwa na wivu."

"Sana, bibi."

"Kutoka Burma?"

"Kutoka Burma kwenyewe."

"Miaka arobaini tumekaa humu ndani, hakuwahi hata kuniuliza nimetoka wapi!" Akaugeuza uso dirishani, lakini niliona mashavu yamempanda. "Soma tena ile ya mbwa."

Niliisoma mara tatu. Jua likazama nyuma ya migomba, nikainuka kuaga, kwa sababu amri ya askari ni amri.

"Unakwenda wapi? Zimebaki mbili."

"Si ulitaka mtu wa kusoma na kuondoka?"

"Hizo tutasoma kesho. Wivu wa leo umenitosha."

Akanionyesha chumba cha kuhifadhia kahawa. Kilikuwa na kitanda cha mbao, mablanketi mawili, na magunia yaliyozuia upepo kuliko ukuta wenyewe. Nikiwa natandika, nilimsikia mjukuu wake amerudi kutoka mjini, anauliza mgeni ni nani.

"Ni fundi wa paa," bibi akajibu. "Atakaa siku mbili."

"Paa lina nini?"

"Linavuja."

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu vita."